Mkwe Wangu Amekataa Kusema Amekufa

Mama Nthenya wa gazeti,

Pole na kazi ya kubeba mashida ya watu kila wiki, na mimi nakuletea yangu, usiitupe kwa sababu ya mwandiko, huu mkono ulijifunza kuandika kwa gumbaru, ile shule ya watu wazima, nikiwa tayari mzee na ndevu, lakini kabla ya kushika kalamu ulikuwa umeshika upinde miaka mingi, na hapa Kabati uliza mtu yeyote, hata yule hanipendi, atakwambia Ndeti akilenga kitu kinaanguka. Nataka unisaidie nijue nitafanya nini na mtu ambaye nilimpiga vizuri kabisa mbele ya watu, na amekataa kusema alipigwa, na huyo mtu ndiye baba ya msichana ambaye kijana yangu anataka kuoa, na sasa hiyo ndoa imesimama. Usishtuke. Sikumpiga na ngumi. Nilimpiga na mbaazi.

Wacha nianze mwanzo. Huko Mwingi kuna mtu wa duka anaitwa Shee, watu wake walitoka pwani zamani, anauza sufuria na viatu na taa, na mwaka juzi alileta kutoka Mombasa maboksi ya bunduki za plastiki, zile za mchezo, unavuta nyuma springi inakaza, ukifyatua hewa inasukuma kidonge kidogo ya plastiki. Yeye alifikiri ni za watoto. Watoto walicheza nazo kidogo wakaziacha, kwa sababu zilikuwa zinapiga kama mtu anatema mate, kidonge inaanguka hapa tu karibu na kiatu. Mimi nikafungua moja hapo juu ya meza ya duka, nikaangalia tumbo yake, nikacheka.

Nikamwambia, "Shee, hii bunduki si mbovu. Hii ina njaa."

Akasema, "Basi ichukue uilishe, mzee wangu, hapa inanijazia duka tu."

Mama, nililisha. Ile springi yake laini nilitupa nikaweka ya kabureta ya pikipiki iliyokufa, ile ngozi ndogo inasukuma hewa nikabadilisha na ya pampu ya baiskeli nikaipaka mafuta ya mbono, mdomo nikaondoa plastiki nikaingiza bomba nyembamba ya shaba iliyotoka kwa friji ya baa, na kitako nikachonga mwenyewe kwa mti wa mukau mpaka ukiiweka kwa bega inalala kama mtoto. Vidonge za Shee zilipoisha wenzangu wa mchezo walianza kulia, mimi sikulia, nilitoboa bati na misumari mbili, moja nene na moja nyembamba, mbaazi ikipita tundu kubwa na ikatae tundu dogo, hiyo ndiyo risasi, naianika juu ya mabati mpaka inakuwa ngumu kama jiwe naweka kwa debe. Bibi yangu Ndinda aliona hiyo debe akasema, "Baba Musembi, mbegu ya kupanda ndiyo unapiga watu nayo?" Nikamwambia zitapandwa tu, mahali zitaanguka. Na ni kweli, mvua ya juzi ilipokuja zimeota kule tunacheza, kati ya matofali, unaweza kuona ni wapi mtu alikuwa amejificha kwa sababu mbele yake kuna shamba.

Tunacheza mahali pa zamani pa kuchomea matofali, nyuma ya soko. Si watoto, ni watu wazima wenye nyumba zao, mimi ndiye kiongozi kwa sababu hakuna mwingine anaweza. Sisi si wahuni. Chifu tulimwambia, akakuja akaona, akasema tupake mdomo wa bunduki rangi nyekundu ndio mtu akituona asifikirie mambo mengine, tukapaka ile ilibaki kwa mabati ya kanisa. Na uso kila mtu anafunika na waya ya chungio niliyokunja mwenyewe, kwa sababu jicho halina spea. Na sheria niliweka mimi. Mbaazi haionekani ikienda, refa hawezi kusema nani amepigwa, kwa hivyo ukipigwa wewe mwenyewe unainua mkono na unaita kwa sauti, "Nimekufa!" halafu unaenda kukaa kwa Nzioka, yule anachoma nyama, unangojea wengine wamalizane. Hiyo sheria ndiyo inafanya mchezo ni mchezo. Mtu akipigwa anyamaze, basi hakuna haja, afadhali twende tukalime.

Sasa jina yetu ilitembea mpaka watu wa Malili kule kwa barabara ya Mombasa wakasikia, na wao wakanunua kwa Shee, wakatengeneza zao, wakatuma neno wanataka kuja kutufundisha. Kutufundisha sisi. Walikuja na lori ya ng'ombe wakiimba. Wote wamefunika uso, wote wamevaa makoti, huwezi kujua huyu ni fulani. Nikawapunguza, Mama, sitaki kujisifu, lakini kwa Nzioka benchi ilijaa watu wa Malili mpaka wengine wakakaa chini. Mwishowe tukabaki wawili, mimi kwa Kabati na mzee mmoja mwembamba wa Malili, koti ya kijani, amejibanza nyuma ya tanuri. Nililala chini nikangoja. Alitoa kifua kidogo tu kuangalia, nikaachilia. Ilisikika ta! kwa kifungo cha koti. Watu wa benchi walisikia, hata Nzioka aliacha kisu.

Yule mtu akasimama tu. Hakuinua mkono, hakuita.

Nikamwambia, "Wewe umekufa."

Akashika kifungo chake tu.

Nikapiga ingine, ta! palepale. Nikasema kwa nguvu, "Kufa basi! Sema umekufa wewe mzee, watu waende nyumbani!" Na nikaongeza ingine, hiyo nakubali ilikuwa ya hasira kidogo.

Ndipo akatoa chungio kwa uso. Mama Nthenya, ni Mutunga. Baba ya Mutindi, yule msichana wa kijana yangu. Huyo mtu nilikuwa nimemwona mara moja tu, tulipoenda kwake kubisha hodi kwa ajili ya Musembi wangu, tukakaa vizuri, tukakunywa chai, tukapanga siku ya kupeleka mbuzi za ntheo za kufunga uchumba. Na hiyo siku ilikuwa karibu, mbuzi zilikuwa tayari kwa boma zimefungwa kamba mpya.

Akaniambia polepole, "Ndeti, nilikujua kwa sauti tangu asubuhi. Unataka niseme nimekufa, kwako, mbuzi hazijafika kwangu?"

Nikasema, "Muthoni," maana ndivyo sisi Wakamba tunaita mkwe, "mbuzi ni siku ingine. Leo ni mchezo. Ulipigwa ama hukupigwa?"

"Kwetu mtu haiti kifo mbele ya muthoni wake. Hata kwa mchezo. Huu mdomo hautasema."

"Basi inua mkono tu."

"Mkono bila neno si sheria yako. Nimesikia ukiwafokea watu wangu kwa hiyo sheria mchana mzima."

Watu wakacheka, na walicheka mimi. Nikasema basi Kabati imeshinda. Akasema, "Sijasema." Akafunga bunduki yake kwa gunia, akapanda lori, na kabla iondoke akasema kwa sauti ya chini, "Hizo mbuzi, zipe maji kwanza. Msilete." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

Tangu hiyo siku nyumba yangu imekuwa baridi. Musembi analala kwa rafiki yake, na alipokuja kuchukua nguo aliniambia, "Baba, umeniulia bibi na mbaazi." Ndinda anasema ile chungio niliweka kwa uso, ningeiweka kwa mdomo ingesaidia zaidi. Pasta alituombea halafu akasema bunduki zote zichomwe, mimi nikamwambia aombe tu. Nzioka, ambaye ni rafiki yangu, anasema nipeleke mbuzi ya kuomba msamaha. Lakini nikipeleka mbuzi ya msamaha si ni kusema kwamba sikumpiga? Na nilimpiga! Kifungo kilipasuka, Nzioka anacho kwa mfuko. Mimi sijawahi kuomba msamaha kwa sababu ya kulenga vizuri, babangu hakuomba, na sitaanza na uzee huu.

Kuna kitu kingine sijui nikiweke wapi. Juzi nilipita kwa Shee, akaniambia Mutunga alituma mtu kuuliza, ile bunduki ya Ndeti inafikisha namna gani kutoka mbali hivyo, ni springi ya nini ameweka? Mimi nikamkataza Shee asiseme, hiyo ni siri ya Kabati. Na Mutindi amemwambia Musembi kwamba babake alianza huu mchezo kwa sababu alisikia muthoni wake mpya anaucheza, akataka wawe na kitu cha kuongea. Hiyo nayo inasaidia nini, na yeye amekataa kufa?

Sasa nishauri. Nataka Mutunga akubali alipigwa, mbuzi zipelekwe, kijana aoe, na mimi nisiombe msamaha. Uniambie njia.

Ni mimi,
Mzee Ndeti, Kabati.
Hata Garissa wananijua.

*

JIBU LA MAMA NTHENYA

Mzee Ndeti,

Nilicheka nikisoma barua yako mpaka nikafika pale kijana wako alipokuja kuchukua nguo. Hapo niliacha kucheka. Wewe una kifungo kilichopasuka cha kuonyesha watu. Musembi ana nini? Na yule msichana wa Malili, ambaye kila asubuhi anamwona baba yake akimimina chai bila kutaja jina lenu, ana nini?

Umeomba njia ya kupata kila kitu bila kutoa chochote. Njia hiyo haipo, wala hapo Kabati wala hata huko Garissa wanakokujua.

Lakini usikunje uso, kwa sababu nina habari njema, na umeiandika kwa mkono wako mwenyewe bila kuiona. Mtu aliyekasirika kabisa haulizi springi. Mtu aliyefunga mlango hatumi mtu kwa Shee kuuliza habari za kabureta. Mutunga anabisha hodi kwako, mzee wangu, anabisha kwa njia ambayo haitamwaibisha, na wewe umemwambia mwenye duka asimfungulie eti ni siri ya Kabati! Siri gani? Huyo mzee alinunua bunduki, akakunja waya akajifunika uso, akapanda lori la ng'ombe kutoka Malili hadi Kabati, ili apate jambo la kuzungumza na baba ya mkwe wake. Alifika, akapata nini? "Kufa basi!"

Sikia sasa. Unasema kuomba msamaha ni kusema hukumpiga. Sivyo. Ulimpiga, naamini, nawaamini wewe na kifungo. Hakuna mtu anayelalamikia lengo lako. Risasi ya kwanza ilikuwa mchezo na Mutunga anajua hivyo, ndiyo maana hakulalamika. Kosa lilikuja baadaye, ulipompiga tena na tena mtu aliyesimama wima bila kujificha, huku ukimfokea afe, mbele ya watu waliokaa wakila nyama. Mimi pia nimeolewa Ukambani, nina wakwe, na najua neno hilo haliwekwi kati yao, zaidi sana mbuzi wakiwa bado njiani. Wewe ulilijua kabla ya kujifunza kalamu. Hata kama alikuwa amefunika uso, alipoufunua ulikuwa na nafasi ya kunyamaza. Ukamuuliza, "Ulipigwa ama hukupigwa?" Mzee mzima!

Kwa hiyo utafanya hivi.

Mchukue Nzioka, kwa kuwa anaheshimika na alikuwa shahidi, mwende Malili asubuhi, bila bunduki, bila wenzenu wa timu. Mpeleke mbuzi mmoja, nje ya wale wa ntheo. Mbuzi huyo halipii risasi, kwa hiyo heshima ya mkono wako itabaki palepale. Analipia mdomo. Ukifika, usianze hadithi ya mchezo ulivyokwenda. Useme maneno haya tu, na ukiongeza hata moja Nzioka akukanyage mguu: "Muthoni, mkono wangu ulicheza, mdomo wangu ulikosa." Halafu unyamaze. Najua kwako kunyamaza ni kazi kubwa kuliko kulenga. Fanya kama pale ulipolala chini ukingoja atoe kifua.

Kisha umpe zawadi. Kabla hujaondoka nyumbani, chonga kitako kingine cha mukau, kizuri kama chako, si kibaya kidogo, nakujua. Ukiweke ndani ya gunia pamoja na ile springi ya kabureta na ngozi ya pampu. Umwambie akitaka, utamwonyesha inavyofungwa. Mtakaa mezani nyinyi wawili na bisibisi, na mambo mengi ambayo wazee hawawezi kuambiana uso kwa uso huambiana wakiwa wameinamia kitu kilichofunguliwa.

Ukirudi Kabati, uibadilishe sheria yako. Ni sheria nzuri, kwamba mtu ajishuhudie mwenyewe, hiyo uilinde. Lakini toa lile neno. Anayepigwa avue kofia, ainyanyue juu, atoke. Kuvua kofia ni adabu hata kwa mkwe, hata kwa mchungaji, na naye umwombe aje aone, huenda akaacha habari za kuchoma. Kila mmoja afunge mkononi kitambaa chenye jina lake ili ajulikane ni nani. Na kuanzia siku ntheo itakapopokelewa, wewe na Mutunga msisimame tena pande mbili. Mcheze upande mmoja. Nawahurumia watakaokutana nanyi.

Kuhusu nani alishinda siku ile, Kabati au Malili, gazeti hili halina refa. Mechi haikuisha. Iacheni hivyo, mtakuwa na la kubishania mpaka mpate wajukuu.

Jambo la mwisho ni la Mama Musembi, kwa hiyo mpe barua hii aisome. Ndinda, mama, lile debe la mbaazi zilizochaguliwa kwa misumari, lichukue. Lote. Uziloweke, uziweke motoni mapema, maana nasikia ni ngumu kama mawe, na siku wakwe watakapokuja kwenu uwapikie muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa pamoja na mbaazi hizo. Mzee wako asinung'unike, risasi nyingine zinamngoja kule kwenye matofali, anachotakiwa ni kuzipalilia.

Na wewe Ndeti, siku hiyo umpakulie Mutunga kwa mkono wako huohuo unaosifika. Ukae ule naye kutoka sinia moja. Na akimaliza, akasukuma sinia, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Nimeshiba," ujue hapo ndipo umempata.

Mama Nthenya